Fasihi ya Dunia na Mgogo wa Ihumwa

Muhula umeanza, bumu bado, ila ratiba imeshabandikwa. Humo nimeikuta kozi niliyoisubiri tangu mwaka wa kwanza: Fasihi ya Dunia. Jirani yangu bwenini akanitania, "Mtoto wa Chamwino na Fasihi ya Dunia wapi na wapi? Kwenu si zabibu na Ikulu tu?" Nikacheka. Lakini swali lenyewe si la kucheka hata kidogo, watu wazito walishalibishania kabla yetu.

Oktoba 1968 pale chuoni Nairobi, walimu watatu, Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba, walitaka Idara ya Kiingereza ifutwe. Hawakuwa wanamkataa Shakespeare. Walichohoji ni kwa nini mwanafunzi wa Afrika aanzie Uingereza, halafu nyumbani kwake pawe nyongeza tu. Waliona aanzie alipo, kisha atoke kwenda kwa wengine.

Haya, mimi nilipo ni Ugogo. Naanzia wapi?

Ukweli ni kwamba Ugogo uliingia vitabuni zamani. Richard Burton alipita hapa na msafara wake miaka ya 1850, na kitabu chake kikatoka London mwaka 1860. Wagogo wamo, tena kwa kurasa nyingi, ila wamesimuliwa na mpita njia aliyekuwa anawaza maji, hongo na wapagazi.

Sasa ukitoka kwetu Chamwino kuja mjini unapita Ihumwa. Huko ndiko alikozaliwa Mathias Mnyampala mwaka 1917. Mwaka 1954 kilitoka kitabu chake cha historia, mila na desturi za Wagogo, kwa Kiswahili. Kutoka Burton hadi Mnyampala ni miaka 94! Miaka yote hiyo ndipo msomaji akampata Mgogo mwenyewe akieleza Wagogo ni akina nani.

Na hakuishia hapo. Kiswahili hakikuwa lugha ya mama yake, lakini alizimudu bahari za ushairi wa pwani hadi akawa kiongozi wa UKUTA, chama cha washairi. Alitunga pia Utenzi wa Enjili Takatifu. Hebu tafakari, wadau: habari iliyotoka Mashariki ya Kati, imetiwa kwenye umbo la utenzi wa Waswahili, na mtunzi ni Mgogo wa bara. Kama hiyo si fasihi ya dunia, basi sijui ni nini. Na zile ngonjera tulizokariri shule ya msingi mbele ya mgeni rasmi, zilizotumika sana kueneza ujamaa baada ya Azimio la Arusha la 1967, jina lake ndilo linalotajwa kwanza. Alifariki mwaka 1969.

Dunia nayo ilikuwa inakuja kwetu. Mwalimu Nyerere alimtafsiri Julius Caesar mwaka 1963, akaja na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Samuel Mushi akatuletea Mfalme Edipode wa Sophocles mwaka 1971. Yaani Mgiriki wa kale anaongea Kiswahili!

Kwa hiyo matumaini yangu kwenye kozi hii ni haya. Nataka kumsoma Sophocles na Mnyampala juu ya meza moja, bila mmoja kuwa mwenyeji na mwingine mgeni mwalikwa. Kudesa ili nipate alama, hilo tutalifanya wote, tusidanganyane. Lakini mimi nasomea ualimu. Siku moja nitasimama mbele ya watoto wanaoongea Cigogo nyumbani, na wengine watakuwa wanaamini kwamba vitabu huandikwa mbali, na watu wa mbali. Nikimaliza kozi bila jibu la kuwapa, nitakuwa nimebeba cheti tu.

Jirani yangu nimeshamwambia, zabibu zipo, Ikulu ipo, na Mnyampala yupo. Kama kwenu kuna mtunzi ambaye hatajwi darasani, niambieni nimtafute maktaba. Alamsiki.