Agosti Mosi Mjini Bunia

Kila tarehe 1 Agosti, umande ukiwa bado haujakauka, njia za makaburini mjini Bunia hujaa watu wenye majembe, mapanga na ndoo za chokaa. Ni Siku ya Wazazi, sikukuu ya Kongo nzima ambayo asubuhi yake ni ya wazazi waliokufa na alasiri yake ni ya walio hai. Kinshasa tarehe hiyo huangukia kiangazi, na kazi ya makaburini ni kufagia zaidi kuliko kufyeka. Bunia iko kaskazini ya ikweta, si mbali na Ziwa Albert, na kwake Agosti ni mwezi wa mvua. Nyasi zimepanda, msalaba wa mbao umemezwa, na familia ambayo haikufika mwaka uliopita hulazimika kwanza kulitafuta kaburi lenyewe. Vijana wa mtaani wanalijua hilo. Huja na panga mkononi kuuza nguvu zao, na mapatano ya bei hufanyika palepale, mbele ya marehemu.

Sikukuu hiyo haikuzaliwa Bunia. Karibu kila sikukuu kubwa ya mji huu imetoka kwingine: Roma, Brussels, Kinshasa. Wenyeji walipewa tarehe, wao wakatia nyama: nani aalikwe, nani apewe kuku, nani aombwe radhi.

Kabla ya mji kuwapo, Wabira, Wahema, Walendu, Wangiti na Waalur wa nchi hiyo hawakuwa na sikukuu ya tarehe. Mwaka ulifuata mvua na mavuno. Watu walikusanyika nafaka ilipoingia ghalani na bia ikapikwa, ng'ombe wa mahari walipohamishwa kutoka boma hadi boma, au mzee alipozikwa. Kwa Waalur, mwenye nyumba aliwajengea wahenga wake kibanda kidogo uani, abila, akawapelekea humo chakula na kuwaeleza habari za ukoo. Wafu hawakutengwa mbali na walio hai, wala hawakungoja siku maalumu ili wakumbukwe.

Kiswahili, ambacho leo ndicho lugha ya soko na ya karamu mjini, kiliingia na wafanyabiashara wa pembe. Mpelelezi Henry Morton Stanley alipoupenya msitu wa Ituri mwaka 1887 akienda kumwokoa gavana Emin Pasha, alizikuta humo kambi za Wamanyema na Waungwana waliokuwa wakitafuta meno ya tembo. Misafara ya wafanyabiashara hao ilileta pia Uislamu, na ndiyo maana Idi husherehekewa Bunia ingawa haimo katika orodha ya sikukuu za serikali iliyowekwa mwaka 2014.

Mji wenyewe ni mtoto wa dhahabu. Mwaka 1903 Waaustralia wawili, Hannan na O'Brien, waliigundua dhahabu huko Kilo, kaskazini ya Bunia ya leo, na mwaka 1926 migodi ikawekwa chini ya kampuni ya Kilo-Moto. Bunia ilikaa vizuri kati ya migodi na bandari ya Kasenyi ziwani, ikakua kuwa mji wa ofisi, maghala na soko. Dini ilikua sambamba nayo. Wamisionari Waprotestanti wa Africa Inland Mission walikuwa wamefika pande za Mahagi mwaka 1912. Upande wa Wakatoliki, Ziwa Albert lilifanywa eneo la kitume mwaka 1922, likapandishwa daraja mwaka 1933, na mwaka 1959 likawa Dayosisi ya Bunia. Kengele ikaleta mwaka wa aina nyingine: Krismasi, Pasaka, na tarehe 2 Novemba ya kuwaombea marehemu. Serikali ya kikoloni iliongeza 21 Julai, siku ya taifa la Ubelgiji, ya bendera na gwaride.

Pamoja na kengele ulikuja mshahara, na huo ulibadilisha familia kuliko mahubiri. Karani au dereva wa Bunia aliishi na mke na watoto katika nyumba ya mjini, mbali na boma la babake. Ndugu wa kijijini hawakuonana naye tena shambani. Walimfuata sikukuu, wakiwa na kikapu cha maharage na orodha ya shida, wakarudi na sukari, chumvi na kitenge. Krismasi ya mjini ikawa hivyo siku ya hesabu kati ya mwenye mshahara na ukoo wake, na wote wawili walilijua hilo bila kulisema.

Kisha ukaja wakati wa Rais Mobutu. Tarehe 27 Oktoba 1971 nchi iliitwa Zaire. Mwaka 1972 majina ya ubatizo yakakatazwa. Mwaka 1974 Krismasi ikaondolewa kwenye orodha ya siku za mapumziko. Mtoto aliweza kuwa na jina moja shuleni na jingine sebuleni kwa nyanya yake. Jumamosi ilikuwa ya salongo, kazi ya lazima ya kusafisha mji, na 20 Mei ilikuwa ya chama, MPR, na ngoma zake za kumsifu kiongozi. Siku ya Wazazi ni tunda la siasa hiyohiyo ya uhalisi, iliyotaka Mzaire awaheshimu wahenga wake bila kupitia kwa mtakatifu wa Ulaya.

Hatima ya siku hiyo ni ya kuchekesha kidogo. Familia za Kikatoliki ziliipokea, zikaanza na misa, ndipo zikaenda makaburini. Waliokuwa wakiwaombea wafu wao Novemba sasa waliwaombea mara mbili. Mobutu alipopinduliwa mwaka 1997, 20 Mei ilifutika, na mahali pake pakashikwa na 17 Mei, siku waasi wa AFDL waliompindua walipoingia Kinshasa: karamu ya wakubwa ilisogezwa siku tatu nyuma. Krismasi ilirudi kwenye orodha. Agosti Mosi haikuguswa na mtu. Haikuhitaji jukwaa wala hotuba, na hakuna mtawala aliyeona faida ya kumnyima mtu kaburi la mamake.

Alasiri yake hufuata desturi inayojulikana na kila mtoto. Mama huketishwa kwenye kiti kizuri cha nyumba, kimetolewa nje. Watoto huja kwa kufuatana kwa umri. Kitenge hukabidhiwa kikiwa bado kimekunjwa, kuku akiwa amefungwa miguu, bahasha ikipita mkono kwa mkono bila kufunguliwa. Jikoni kuna sombe ya majani ya muhogo, ugali wa muhogo na samaki wa ziwani. Ugumu uko kwenye hesabu ya wazazi. Baba mkubwa na baba mdogo ni baba. Mama mdogo ni mama. Shangazi hasahauliki, maana akisahauliwa atalisema jambo hilo mpaka Agosti nyingine. Mkwe wa kiume naye huenda kwa wazazi wa mkewe, na ikiwa mahari haijakamilika, yupo mzee atakayelikumbusha kwa upole wakati soda zinafunguliwa. Kwa sababu hiyo wanawake wa sokoni huanza mapema kuiandalia siku fedha kupitia likelemba, mchango wa kupokezana ambao kila mwanachama huupata kwa zamu.

Sikukuu nyingine za mwaka ni za barabarani zaidi. Tarehe 8 Machi vyama vya wanawake hupita Boulevard de la Libération vikiwa katika sare ya vitenge. Tarehe 30 Juni, siku ya uhuru wa 1960, mama hukesha akipiga pasi sare ya buluu na nyeupe ya mwanafunzi. Furaha isiyo na tarehe ni ya mtihani wa taifa, ulioanza mwaka 1967: matokeo yakitoka, aliyefaulu humwagiwa poda kichwani mpaka nyusi hazionekani, na majirani hujua bila kuuliza.

Vita viliivuruga kalenda hiyo vibaya. Mapigano ya Ituri, eneo la Bunia, yalianza mwaka 1999 na kufika kilele Bunia mwezi Mei 2003, jeshi la Uganda lilipoondoka na makundi yenye silaha yakaugombea mji. Maelfu walikimbilia kambi karibu na uwanja wa ndege na karibu na makao ya Umoja wa Mataifa. Kikosi cha Umoja wa Ulaya kiitwacho Artemis kililinda mji kuanzia Juni hadi tarehe 1 Septemba, hivyo Siku ya Wazazi ya mwaka huo ilipita mbele ya bunduki za wageni. Wengi waliouawa walikuwa wamezikwa bila ndugu kujua wapi.

Kwa sadfa ya ajabu, ugonjwa wa Ebola ulitangazwa rasmi mashariki ya nchi tarehe 1 Agosti 2018. Kabla haujaisha Juni 2020, ulikuwa umewapata watu 3,470 na kuwaua 2,287 katika Kivu na Ituri. Mazishi yalifanywa na vikosi vilivyovaa mavazi ya kinga; ndugu walisimama kando, bila kumwosha wala kumshika marehemu wao. Katika nchi ambako mkono wa mwisho ni haki ya mtoto, hilo lilileta ugomvi mwingi.

Mashambulizi yalirudi Ituri, katika eneo la Djugu, kuanzia mwisho wa 2017, na Mei 2021 serikali iliweka hali ya kuzingirwa Ituri na Kivu Kaskazini, utawala ukapewa wanajeshi. Waliohamia kambi za Bunia kutoka vijijini waliacha makaburi upande wa pili wa barabara isiyopitika salama. Asubuhi ya Agosti Mosi wao hawana cha kufyeka; majina ya wafu hutajwa kambini, ndani ya hema.

Tangu 2023 kalenda ya taifa imeongeza siku inayofuata, 2 Agosti, kuwakumbuka waliouawa katika vita vya Kongo, kwa kuwa vita vya pili vilianza tarehe hiyo mwaka 1998. Bunia majembe huwa hayajakauka udongo.