Nani Humweka, Nani Humwondoa: Waziri Mkuu wa Jimbo na Bunge Lake Nchini Afrika Kusini

Katika ripoti yake ya mwisho ya 2022, tume ya Jaji Raymond Zondo iliyochunguza utekaji wa dola nchini Afrika Kusini ilipendekeza nchi ifikirie kumchagua rais kwa kura ya wananchi badala ya kura ya wabunge. Pendekezo hilo lilimhusu rais, lakini mantiki yake haiishii kwake. Ikiwa Bunge la taifa haliaminiki kumchagua mkuu wa nchi, kwa nini mabunge tisa ya majimbo yaaminiwe kuwachagua mawaziri wakuu wao? Makala hii inaipinga mantiki hiyo inapoteremka majimboni. Nadai kwamba ugonjwa umetambuliwa visivyo. Mabunge ya majimbo yalinyang'anywa mamlaka yao kabla hayajapata nafasi ya kuyatumia, na dawa ni kuyarudishia.

Kuhusu maandishi ya Katiba ya 1996 hakuna ubishi. Kifungu cha 128 kinaagiza bunge la jimbo, katika kikao chake cha kwanza, limchague waziri mkuu kutoka miongoni mwa wajumbe wake, chini ya uenyekiti wa jaji aliyeteuliwa na Jaji Mkuu. Wagombea wakizidi mmoja, kura hupigwa kwa siri. Kifungu cha 141 kinasema kwamba wajumbe walio wengi wakipitisha azimio la kutokuwa na imani naye, yeye na baraza lake zima wajiuzulu. Hakihitaji kosa wala ushahidi wa jinai; imani ikiisha, kazi imeisha.

Ubishi unaanzia kwenye utendaji. Wapo wanaosema kuwa utaratibu huu kwa asili yake humfanya waziri mkuu wa jimbo awe karani wa chama, na historia inawapa silaha. Mwaka 1996 Patrick Lekota aliondolewa kuongoza Free State kwa uamuzi wa chama chake, ANC. Julai 2008 Ebrahim Rasool wa Western Cape na Nosimo Balindlela wa Eastern Cape waliondoka madarakani baada ya uongozi wa taifa wa chama hicho kuamua hivyo. Kifungu cha 141 hakikuguswa. Mkuu wa serikali aliyewekwa kwa kura ya wajumbe alishushwa na kikao ambacho wengi wa wajumbe hao hawakuingia.

Lakini ushahidi huu unathibitisha nini? Unaonyesha kwamba chama chenye wingi wa viti, kinachopanga orodha ya wagombea na kuamua nani aitwe mheshimiwa, hakihitaji kulishawishi bunge. Kifungu cha 106 kinamvua ujumbe mtu yeyote anayeacha kuwa mwanachama wa chama kilichompendekeza. Mjumbe akifukuzwa chamani leo, kesho hana kiti. Katika hali hiyo kura ya siri inamlinda mjumbe kwa siku moja tu. Miaka mitano iliyobaki iko mikononi mwa makao makuu. Kasoro imo katika kamba iliyofungwa shingoni mwa mpiga kura yule, na kumbadilisha mpiga kura hakuikati kamba.

Kipimo bora cha dai langu ni KwaZulu-Natal mwaka 2024, kwa sababu huko wingi wa chama kimoja ulitoweka. Bunge lina viti 80. Chama cha MK kilipata takriban asilimia 45 ya kura na viti 37. IFP kilipata 15, ANC 14, DA 11, EFF viwili na NFP kimoja. Hakuna aliyeweza kutawala peke yake. Tarehe 14 Juni, Thami Ntuli wa IFP alichaguliwa kuwa waziri mkuu kwa kura 41 dhidi ya 39 za mgombea wa MK. Kwa mara ya kwanza katika miaka mingi, ukumbi wa bunge hilo ulikuwa mahali ambapo jibu halikujulikana kwa yakini mpaka kura zihesabiwe.

Pingamizi la kwanza ni zito. Chama chenye asilimia 18 ya kura kimetoa mkuu wa serikali, na chenye asilimia 45 kimekaa upinzani. Wafuasi wa MK wana haki ya kuumia. Hata hivyo, asilimia 45 si wingi. Zaidi ya nusu ya wapiga kura walichagua vyama vingine, na wajumbe 41 walikubaliana. Serikali ya kibunge husimama juu ya wale walio tayari kuishi pamoja.

Pingamizi la pili linanigusa zaidi. Kura ilikuwa ya siri, lakini hesabu ikaangukia palepale: IFP, ANC, DA na NFP ukiwajumlisha ni 41, MK na EFF ni 39. Nidhamu ya vyama haikulegea hata kidogo. Nalikubali hilo, ila nidhamu hii ilitokana na mapatano ya vyama vinne, ambayo kila kimoja kingeweza kuyavunja. Waziri mkuu wa namna hiyo lazima alijibu bunge kila wiki, maana mjumbe mmoja akihama zinakuwa 40 kwa 40.

Sasa tutazame upande wa pili. Kenya huwachagua magavana wa kaunti 47 moja kwa moja, na mfumo huo umewapa wananchi sauti ambayo sitaki kuibeza. Lakini kaunti ya Meru imeonyesha gharama yake. Kawira Mwangaza alichaguliwa gavana mwaka 2022 akiwa mgombea huru. Bunge la kaunti lilipiga kura ya kumng'oa mara tatu. Seneti ilimnusuru mara mbili, ikamwondoa Agosti 2024, na Mahakama Kuu ikaidhinisha Machi 2025. Yeye alikuwa na kura za wananchi, na wawakilishi wa wadi walikuwa na kura za wananchi. Kila upande ulisimama juu ya idhini halali, na huduma za watu wa Meru zikasubiri. Kifungu cha 141 kingemaliza mgogoro huo kwa kikao kimoja, kwa upande wowote.

Ninachopendekeza ni kidogo. Kifungu cha 106 kirekebishwe ili mjumbe anayefukuzwa chamani kwa sababu ya kura yake juu ya waziri mkuu asipoteze kiti. Na azimio la kutokuwa na imani lipigiwe kura kwa siri, kama uchaguzi wenyewe. Bila hayo, uchaguzi wa moja kwa moja utaihamisha tu orodha ya chama kutoka bungeni kwenda kwenye karatasi ya kura, kwa kuwa huko nako chama ndicho kitakachoamua jina la kuandikwa. Baada ya hapo hatutakuwa na bunge lenye uwezo wa kumwondoa mkuu huyo kwa sababu rahisi kuliko zote: kwamba haliko naye tena.