Mwaiki na Kesi ya Watu Sabini

Mwaka 1932 Mahakama Kuu ya Nairobi ilisikiliza kesi ya Wakamba 70, walioshtakiwa pamoja kwamba wamemwua mwanamke mmoja. Wa kwanza wao alikuwa Kumwaka, mwana wa Mulumbi. Mkewe alikuwa ameugua, na ikasemwa kwamba amerogwa na mwanamke aitwaye Mwaiki. Mwaiki akaletwa auondoe uchawi huo. Mgonjwa asipopona, watu wakamkamata Mwaiki, wakampiga kwa fimbo mpaka akafa.

Ili tuelewe tendo hilo, yatupasa kujua desturi za Ukambani, nchi ambayo leo ina kaunti za Kitui, Makueni na Machakos. Wakamba walimheshimu mundu mue, yaani mganga, aliyeagua na kutibu. Bali walimwogopa muoi, yaani mchawi, aliyewadhuru majirani kwa siri. Muoi aliyehukumiwa na wazee aliweza kuuawa. Hukumu hiyo iliitwa king'ole, nayo haikutimizwa kabla jamaa wa karibu wa mshtakiwa hajaridhia. Watu wengi walishiriki, ili damu isimwelemee mmoja. Kwa hiyo Kumwaka na wenzake hawakujiona wauaji. Walijiona wametimiza sheria ya wazee wao.

Lakini serikali ya kikoloni ilikuwa na sheria yake. Katika Sheria ya Uchawi ya mwaka 1925, kumwita mtu mchawi lilikuwa kosa, isipokuwa shtaka lipelekwe mbele ya wakuu wa serikali. Na kuua kulikuwa kuua. Watu 60 wakahukumiwa kifo. Rufani yao ilikataliwa, lakini hatimaye Gavana akawaondolea hukumu ya kifo, wakapewa vifungo.

Asidhani msomaji kwamba mambo haya ni ya Ukambani peke yake. Katika Ulaya, kati ya karne ya 15 na ya 18, makumi ya maelfu ya watu waliuawa kwa shtaka la uchawi, na mara nyingi kwa amri ya mahakama zenyewe. Huko Massachusetts, Marekani, mwaka 1692, alishtakiwa seremala mmoja, Samuel Wardwell, ambaye alikuwa na mazoea ya kuwabashiria watu mambo yao. Kwa hofu alikiri kwamba ni mchawi. Baadaye dhamiri ikamsuta, akayakana maneno yake, naye akanyongwa. Wengi waliokiri na kushikilia uongo wao walipona. Yeye alikufa kwa kusema kweli.

Mtego wa Mwaiki ulikuwa kama ule wa seremala. Akikubali kuuondoa uchawi, amekiri kwamba ni wake. Akikataa, ataitwa mkaidi mwenye moyo mgumu. Mtu aliyeshtakiwa kwa jambo lisiloonekana ataonyesha nini ili aaminiwe?

Katika mahakama ya Nairobi yalisemwa mengi juu ya mila za Wakamba na juu ya sheria za Waingereza. Kumwaka alipata mawakili, akapata rufani, akapata na huruma ya Gavana. Mwaiki hakupata hata kimoja katika hivyo. Basi tusomapo habari za kesi hii, tusiwakumbuke wale 70 tu waliosimama kizimbani, bali tumkumbuke na yule mmoja ambaye hakufika huko.