Mpangaji na Mwenye Nyumba: Habari za Kupanga Meza ya Linux

Kitenzi kupanga kina maana mbili katika lugha yetu, na maana hizo zakaribia kugombana. Mtu hupanga vyombo vyake chumbani, yaani hukiweka kila kimoja mahali apendapo. Na mtu hupanga chumba katika nyumba ya mwenziwe, yaani hukikaa kwa kodi na kwa masharti. Wa kwanza ana amri, wa pili ana ruhusa. Huyu wa pili aweza kutundika pazia na kugeuza kitanda, walakini akitaka kutoboa dirisha jipya hana budi kumwuliza mwenye nyumba. Nia yangu katika insha hii ni kueleza jinsi watu watumiao mfumo wa kompyuta uitwao Linux walivyopata, wakanyimwa, na kwa njia yao wenyewe wakajirudishia uwezo wa kupanga meza zao za kazi. Katika kueleza hayo nitataja mbinu chache za matumizi ya kila siku, kwa kuwa kila mbinu ina asili yake, na aijuaye asili haisahau mbinu.

Programu ya kompyuta huandikwa na mtu kwa maneno yasomekayo, kisha hugeuzwa kuwa tarakimu ambazo mashine huzifuata. Atoaye tarakimu peke yake ametoa mkate akaficha mapishi. Programu huria ni ile inayotolewa pamoja na maandishi yake ya asili, na pamoja na leseni inayomruhusu kila mtu kuyasoma, kuyabadili na kuyagawa. Richard Stallman, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya chuo cha MIT huko Marekani, alisumbuliwa na printa mpya ambayo karatasi zilikwama ndani yake mara kwa mara. Printa ya zamani alikuwa ameitengenezea programu ya kuwaarifu watu karatasi zikwamapo. Hii mpya ilikuja bila maandishi yake, na mtu aliyekuwa nayo alikataa kumpa kwa sababu alikwisha kuahidi kuyaficha. Tarehe 27 Septemba 1983 Stallman akatangaza kwamba ataandika mfumo mzima ulio huru, akauita GNU. Miaka minane baadaye, tarehe 25 Agosti 1991, Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki mwenye umri wa miaka 21, akatangaza kwamba anaandika kiini cha mfumo kwa kujifurahisha. Mwaka 1992 kiini hicho kikawekwa chini ya leseni ya GNU, na vitu viwili vikawa kitu kimoja.

Lakini desturi ya kupanga ni ya zamani kuliko hayo yote, nayo ilianza kwa uzembe. Mfumo wa Unix, ambao GNU na Linux zote mbili ziliuiga, ulianzishwa mwaka 1969 na Ken Thompson na Dennis Ritchie katika maabara za Bell. Katika kila folda palikuwa na majina mawili ya kudumu, moja la nukta moja na jingine la nukta mbili, ambayo hayakupendeza kuonekana kila mara mtu atakapo orodha ya faili zake. Rob Pike, aliyefanya kazi pamoja na mabwana hao, alisimulia mwaka 2012 kwamba mmoja wao alitafuta njia ya mkato: badala ya kuyaficha majina hayo mawili tu, akaiagiza programu iruke kila jina lianzalo na nukta. Basi faili yoyote iliyopewa nukta mbele ikawa haionekani. Waandishi wa programu wakaona hapo ndipo mahali pema pa kuweka mapenzi ya mtumiaji: rangi za maandishi yake, vitufe vyake, mazoea yake. Pike mwenyewe alilitaja jambo hilo kwa kusikitika. Mimi sisikitiki sana, kwa maana makosa hayo yamempa kila mtumiaji sanduku la siri ndani ya nyumba yake. Alitakaye kuliona na abonyeze vitufe vya Ctrl na H kwa pamoja katika dirisha la faili, nalo litajitokeza mara moja katika meza zilizo nyingi.

Yaliyomo ni maandishi tu, si tarakimu. Mwenye kusoma aweza kuyasoma, na mwenye kukosea aweza kukosea. Mimi nilipoteza jioni nzima kwa kubadili mstari mmoja ambao sikuufahamu. Kesho yake nilipowasha kompyuta nilipata kioo cheusi na kipanya kikielea peke yake kama mtumbwi usio na mtu. Tangu siku hiyo sigusi faili ya namna hii kabla sijaifanyia nakala kando, na meza ikiharibika siifuti folda yake bali huibadili jina. Mfumo ukikosa folda ile hujitengenezea mpya, na ile ya kale hubaki ikingojea kuchunguzwa.

Madirisha nayo yana historia yake. Mwaka 1984 ilianzishwa katika MIT programu ya kuchora madirisha kwenye kioo, ikaitwa kwa herufi moja tu, X. Wenyewe waliweka kanuni ya ajabu: X itatoa nyenzo, haitatoa amri. Itajua kuchora dirisha, lakini haitasema dirisha liwe na kichwa cha rangi gani wala lisogezwe kwa namna gani. Hayo yaachwe kwa programu nyingine, ambayo kila mtu aweza kujichagulia au kujiandikia. Mwaka 1987 Tom LaStrange, asiyeridhika na zilizokuwapo, akaandika yake na kuiita twm, ambayo herufi yake ya kwanza ilisimama mahali pa jina lake. Wengi wakamfuata. Kutoka zama hizo tumerithi mazoea ambayo mgeni huyaona kuwa miujiza: kuchagua maneno kwa kipanya na kuyabandika pengine kwa kubonyeza kitufe cha kati, bila kutoa amri ya kunakili, na kushika dirisha popote, si kichwani tu, huku kitufe cha Alt au kile cha Super kimebonyezwa, na kulivuta litakako kwenda.

Uhuru huo ulikuwa na gharama. Kila programu ilivaa nguo zake, na menyu zilitofautiana kama vijiji visivyosikilizana. Mnamo Oktoba 1996 Matthias Ettrich, mwanafunzi wa Ujerumani, aliwaita wenzake wajenge meza nzima yenye sura moja, nayo ikawa KDE. Wengine walihofu kwa sababu KDE ilijengwa juu ya Qt, ambayo siku zile leseni yake haikuwa huria kamili, wakaanzisha GNOME Agosti 1997. Hofu ya leseni ilikwisha mwaka 2000 Qt ilipotolewa pia chini ya leseni ya GNU, lakini meza zilikwisha kuwa mbili.

Hapo ndipo swali langu linapoingia. Waliojenga GNOME walifika mahali pa kuuliza kama kila hiari ni neema. Havoc Pennington aliandika mwaka 2002 kwamba kila chaguo linaloongezwa lina bei: hujaribiwa kwa shida, huzaa makosa, na humchosha mtu aliyetaka kufanya kazi yake tu. GNOME ya pili, iliyotoka mwaka huo, iliondoa vingi. Torvalds mwenyewe alikasirika, na Desemba 2005 akawashauri watu watumie KDE. Nadhani Pennington alisema kweli zaidi ya nusu. Mtu aliyepewa vifungo mia hapangi meza, huchezea vifungo. Lakini si haki kuruka kutoka neno la kwamba chaguo lina bei mpaka neno la kwamba wewe usichague.

Jambo hilo lilidhihirika mwaka 2011. Aprili ya mwaka huo GNOME ya tatu ilitoka, imeacha menyu na mistari iliyozoewa. Na mwezi uo huo Ubuntu, mfumo ulioenea kuliko jamaa zake nyingi, ukaweka mezani sura yake uliyoiita Unity. Unity ilikuwa na mstari wa alama za programu upande wa kushoto. Tangu mwaka 2010 watumiaji waliomba ruhusa ya kuuhamisha, naye Mark Shuttleworth, mwanzilishi wa Ubuntu, alijibu kwamba haitawezekana, kwa kuwa mpango wao wataka mstari ule ukae karibu na kitufe kilicho pembeni juu. Msomaji ataona ni ugomvi mdogo. Lakini ndilo swali la dirisha la mpangaji: ni nani mwenye ukuta?

Jibu lilitoka katika leseni, halikutoka katika majadiliano. Mtumiaji mmoja wa Argentina aliyachukua maandishi ya GNOME ya pili, iliyoachwa na wenyewe, akaanza kuyatunza kwa jina la MATE, yaani jani lile ambalo watu wa kwao hulinywa kama chai. Hakuomba ruhusa ya mtu, kwa sababu ruhusa ilikwisha kutolewa. Wenye Linux Mint nao wakajenga Cinnamon. Ubuntu yenyewe ilikubali mstari uhamie chini Aprili 2016, na mwaka mmoja baadaye ikatangaza kuiacha Unity na kurudi GNOME. Tangu hapo mimi huweka meza mbili katika kompyuta moja. Penye mlango wa kuingilia, kabla ya kuandika neno la siri, pana alama ndogo ya kuchagua ipi ifunguliwe. Anayehofu kusakinisha na ajaribu kwanza kwa kuwasha kompyuta kutoka katika kijiti cha USB, bila kugusa kilichomo ndani.

Jina lenyewe la Ubuntu si geni kwetu. Ni neno la Kizulu na la Kixhosa, na mwanafunzi wa lugha za Kibantu atatambua kwamba ni utu wetu: kiambishi bu kimebaki u, na nt imekuwa t. Tangu toleo la kwanza la Oktoba 2004 mpaka 2011 wenye Ubuntu waliwapelekea watu diski kwa posta bila malipo, kwa nchi ambazo kushusha mfumo mzima kwa simu lilikuwa jambo la ndoto.

Mwaka huo huo wa 2004, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, watu wa mradi wa Kilinux, wakisaidiwa na wenzao wa Uswidi, walikuwa wakikusanya msamiati wa kompyuta kwa Kiswahili; Desemba wakatoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili. Nauhesabu upangaji huu kuwa mkubwa kuliko kuhamisha mstari wowote, nao uliwezekana kwa leseni ile ile.

Atakaye kuuonja na afungue faili iitwayo .profile, yenye nukta mbele, aandike mstari export LANGUAGE=sw:en, kisha atoke na kuingia tena. Mfumo utatafuta kila neno kwa Kiswahili kwanza, na lisipopatikana utatumia la Kiingereza, mradi faili za tafsiri zimesakinishwa. Kwenye meza yangu matokeo ni mchanganyiko: menyu moja yasema kwa Kiswahili, ya pili yake kwa Kiingereza. Siku moja nilitaka kujua sababu, nikafungua faili ya tafsiri ya programu mojawapo. Ni maandishi ya kawaida. Kila sentensi ya Kiingereza ina mstari wake, na chini yake mstari mwingine wa kutilia tafsiri. Na mingi kati ya hiyo ya chini ilikuwa na alama mbili za kunukuu, bila neno kati yake.