Usiku Ambao Bwana Msa Hakuwepo

Karabai ya babu bado inaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wa jikoni, nyumbani kwetu Ng'ambo. Kioo chake kimepasuka na tangi lake limeshika kutu. Nimeiona tangu utotoni, na siku zote niliambiwa ilikuwa ya dagaa: babu alikwenda nayo baharini usiku wa giza, mwanga ukawaita samaki, wavu ukafanya kazi yake. Ni mwaka jana tu, nilipokuwa nahangaika kutafuta mada ya tasnifu yangu ya uzamili katika historia, ndipo bibi aliponiambia kuwa taa ile nusura imuue mwenyewe.

"Ilikuwa mwaka wa Popobawa," alisema, kisha akaendelea kuchagua mchele.

Kwa watu wa Unguja na Pemba waliokuwa na akili zao wakati ule, maneno hayo ni kalenda tosha. Mwaka wa Popobawa ni 1995. Mimi sikuwa nimezaliwa. Nimekulia kwenye vichekesho vyake: watoto wa shule kutishana gizani, wapiga soga wa barazani kumtania mwenzao aliyelala mlango wazi. Sikujua kwamba ndani ya kichekesho hicho mlikuwa na maiti.

Habari zilianzia Pemba mwanzoni mwa mwaka ule, na katika miezi iliyofuata zikavuka bahari hadi Unguja. Ilisemekana kuna kiumbe kinachoruka usiku, chenye bawa kama la popo, na ndiyo asili ya jina lake. Kiliingia nyumba zilizofungwa. Kiliwakandamiza watu kitandani wasiweze kupumua wala kupiga kelele, na kikawaingilia, wanaume kwa wanawake. Dalili ya ujio wake ilikuwa harufu kali isiyojulikana ilikotoka. Na palikuwa na sharti: aliyefikwa na mkasa awasimulie wenzake, la sivyo kitamrudia. Kwa hiyo watu walisimulia. Habari iliyobeba amri ya kusambazwa ilisambaa kuliko gazeti lolote.

Dawa iliyoonekana kufaa ilikuwa kutolala ndani. Familia nzima zilitandika mikeka mbele ya nyumba zao, wakawasha moto, wakakesha pamoja. Bibi anakumbuka uchochoro wetu ulivyojaa watu kama siku ya maulidi, ila hakuna aliyeimba. Wanaume walipanga zamu na magongo mkononi. Nilipomuuliza kama yeye aliwahi kukiona kiumbe chenyewe, alinitazama kama niliyeuliza swali la kitoto. "Nani alikuwa na haja ya kukiona? Tulikuwa tukikisikia kwa majirani."

Yapo maelezo ya kitabibu, na yana jina la zamani katika Kiswahili: jinamizi. Mtu huzinduka akili ikiwa macho huku mwili haujatoka usingizini. Hawezi kujisogeza, anahisi uzito kifuani, na mara nyingi anahisi yupo mtu mwingine chumbani. Jambo hili hutokea duniani kote, na kila jamii hulivika vazi lake. Marekani, baadhi ya wanaosema walichukuliwa usiku na viumbe kutoka anga za mbali hueleza hali hiyohiyo ya kuganda kitandani. Kwetu vazi lilikuwa bawa la popo.

Lakini jinamizi huwajia watu kila mwaka. Kwa nini 1995? Hapa mwanahistoria lazima atazame nje ya chumba cha kulala. Wapo wanaomkumbuka Popobawa huko Pemba tangu miaka iliyofuata Mapinduzi ya 1964, wakati ambapo watu walikuwa na mengi ya kuogopa na machache ya kuthubutu kuyasema. Mwaka 1995 Zanzibar ilikuwa ikielekea kwenye uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu Mapinduzi hayo. Ulipofanyika Oktoba, Salmin Amour wa CCM alitangazwa mshindi kwa asilimia 50.2, na Seif Sharif Hamad wa CUF akapewa 49.8. Visiwa vilikuwa vimegawanyika katikati kama nazi. Kabla ya hapo, katika miezi ile ya kukesha, kila upande ulikuwa na watu walioamini kwamba Popobawa ameletwa na upande wa pili: wengine wakisema ni kuwasahaulisha watu siasa, wengine wakisema ni kuwachafulia waliopo madarakani. Hofu iliyokuwa haina pa kwenda ilipata mwili, mabawa na ratiba ya usiku.

Kisha ikapata mtu. Mwaka huohuo, mjini Unguja, kundi la watu lilimuua mtu mmoja aliyekuwa na maradhi ya akili, likidai kwamba ndiye Popobawa.

Nimekuwa nikilirudia jambo hili kwa miezi mingi. Tunapozungumzia 1995 tunauliza: je, Popobawa alikuwepo au hakuwepo? Watu hubishana hilo hadi chai inapoa. Wakati huo swali la pili, ambalo lina jibu, linakaa pembeni: yule mtu aliuawa na nani? Hakuuawa na kitu chenye bawa. Aliuawa na mikono ya watu waliokuwa na majina, wake na watoto, na ambao asubuhi yake walikwenda kazini.

Katika visiwa hivihivi kulikuwa na mtu ambaye kazi yake yote ilikuwa kuyatenganisha maswali hayo mawili. Bahati mbaya aliishi kwenye vitabu tu.

Muhammed Said Abdulla alizaliwa Makunduchi, kusini mwa Unguja, mwaka 1918. Alifanya kazi katika idara ya afya kama mkaguzi, kisha akaingia kwenye magazeti, na kuanzia 1958 hadi 1968 alikuwa mhariri wa jarida la Mkulima. Hadithi yake ya Mzimu wa Watu wa Kale ilipata tuzo ya kwanza katika mashindano ya uandishi ya East African Literature Bureau ya 1957 hadi 1958, ikachapishwa kitabu mwaka 1960. Wengi wanaihesabu kuwa mwanzo wa riwaya ya upelelezi ya Kiswahili. Ndani yake tajiri mmoja, Bwana Ali Bomani, anakutwa amekufa mahali penye mzimu, pale ambapo watu huenda kutambikia. Mahali penyewe panatosha kuwa jibu kwa asiyetaka kuuliza zaidi: kafa mzimuni, mzimu umemuua.

Ndipo anapoingia Bwana Msa na kiko chake. Ana damu ya Sherlock Holmes, hilo halina ubishi, lakini maneno yake na watu wake ni wa Unguja. Kinachonivutia ni jinsi anavyoushughulikia mzimu. Kesi yake haihitaji kuthibitisha kwamba mizimu haipo duniani. Inahitaji kujua nani alikuwa wapi, nani alimchukia nani, nani alisema neno lisilolingana na jingine. Akimaliza, mzimu umebaki palepale ulipokuwa, na muuaji amepatikana miongoni mwa watu, kwa sababu za watu.

Abdulla aliendelea na mchezo huo. Riwaya yake ya pili, Kisima cha Giningi ya 1968, imebeba jina ambalo Mzanzibari hawezi kulisikia bila kufikiria wachawi, kwa kuwa Giningi katika masimulizi yetu ni mji wao. Naye Bwana Msa anakwenda na rafiki yake Najum kutafuta ukweli wa kibinadamu nyuma ya jina la kutisha. Nadhani ukaguzi wa afya ulimfundisha mwandishi kitu. Anayekagua visima anajua kwamba watu wakiugua mtaani, kabla ya kumtaja mchawi ni vyema kuyachungulia maji.

Alifariki mwaka 1991. Miaka minne baadaye kisiwa chake kilipata kesi iliyofanana kabisa na vitabu vyake, kitu cha ajabu angani na maiti ardhini, na hapakuwa na Bwana Msa.

Linganisha na kilichotokea miezi michache tu kabla. Tarehe 16 Septemba 1994, wanafunzi wapatao 60 wa Shule ya Ariel huko Ruwa, Zimbabwe, walisema wameona chombo cha ajabu karibu na uwanja wao wa michezo, na viumbe pamoja nacho. John Mack, daktari wa magonjwa ya akili wa Chuo Kikuu cha Harvard, alisafiri hadi huko kuwahoji. Watu wanabishana mpaka leo kuhusu alivyohoji na alichotaka kusikia. Hata hivyo watoto wale waliketishwa kwenye viti wakaulizwa. Kwetu, yule mwenye maradhi ya akili alipotajwa kuwa ndiye, palipopaswa kuwa na swali palikuwa na gongo.

Wasomi walikuja baadaye na daftari zao. Mwaka 2017 Katrina Daly Thompson alichapisha kitabu kizima juu ya namna Watanzania wanavyomzungumza Popobawa, na namna dunia ya nje inavyoyasikia vibaya mazungumzo hayo. Ana hoja. Vyombo vya ughaibuni vilipenda sana shetani wa Zanzibar, vikatuchora kama watu waliotoka pangoni. Ndiyo maana nasitasita kuandika haya. Sitaki kuwacheka waliolala nje. Walioamka hawawezi kupumua waliumia kwelikweli, na hofu yao haikuwa ujinga. Bibi yangu alikuwa mmoja wao, na ndiye mtu mwenye akili kuliko wote ninaowajua. Ninachokataa ni kuiacha hofu ikae kwenye kiti cha shahidi peke yake.

Sasa nirudi kwenye karabai.

Ulikuwa usiku wa giza, dagaa wanapovuliwa. Babu alikuwa hajakwenda baharini kwa siku kadhaa kwa sababu ya zamu za ulinzi, na ndani hamkuwa na kitoweo. Akaenda. Alirudi kabla ya alfajiri kwa miguu, ndoo begani, karabai mkononi, nayo inawaka kwa kuwa umeme ulikuwa umekatika. Aliponing'iniza mkono, taa ilikaa chini ya goti. Kutoka mwisho wa uchochoro, waliokuwa wamekaa mikekani hawakumwona mtu. Waliona mwanga unaelea karibu na ardhi, ukiyumba, ukija kwao. Kisha upepo ukawaletea harufu.

Mmoja akapiga ukelele: "Huyo!"

Walimzunguka. Pigo la kwanza liliangukia karabai na kuzima taa, na huo ndio ufa ninaouona kila ninapofungua mlango wa jikoni. La pili lilimpata begani. Babu alikuwa na kigugumizi tangu mdogo. Akiulizwa jina lake mchana, kwa utulivu, ilimchukua muda kulitamka. Gizani, magongo yakiwa juu, halikutoka kabisa. Zilitoka sauti tu. Bibi alikuwa hatua thelathini kutoka hapo, kwenye mkeka, amewakumbatia watoto. Anasema alizisikia sauti zile na yeye mwenyewe hakuzitambua kuwa za mumewe.

Aliyemwokoa alikuwa mama mmoja muuza vitumbua aliyekuwa ameamka kupasha mafuta. Alisogea na kijinga cha moto na kusema kwa sauti ya kukereka, kama mtu aliyekatizwa kazi yake: "Popobawa gani ananuka dagaa?"

Wakanyamaza. Mmoja akainama kutazama ndoo iliyomwagika. Ilikuwa dagaa kweli.

Nimesoma riwaya za Abdulla kwa kalamu mkononi, na sijui swali bora zaidi ya hilo. Harufu ile ile iliyokuwa ushahidi wa kumuua ikawa ushahidi wa kumwachia, kwa sababu mtu mmoja aliamua kuinusa vizuri. Muuza vitumbua hakubisha kama Popobawa yupo. Inawezekana yeye mwenyewe aliamini. Alitaka tu kujua yule pale ni nani.

Yule aliyeuawa hakupata mtu wa kumuuliza hivyo.

Nilimuuliza bibi kama babu aliendelea na ulinzi baada ya usiku ule. Nilitarajia aseme alikataa, alitupa gongo, aliwahutubia wenziwe. Nilikuwa nimeshaanza kuandika aya hiyo kichwani.

"Alikwenda usiku uliofuata," bibi alisema. "Bega limevimba, na gongo mkononi."

"Kwa nini, bibi?"

Alipuliza makapi kwenye ungo kabla ya kunijibu. "Mwanangu, angebaki ndani, wangesema ndiye."

Nikamuuliza kama, siku zilizotangulia, babu naye aliwahi kumpiga mtu. Bibi alisimama, akaupeleka mchele jikoni. Nilisikia maji yakimiminwa sufuriani, kisha mlango ukafungwa, na karabai ikagonga ukuta mara moja.

Sikumuuliza tena. Lakini swali nimeliandika katika daftari langu la utafiti, kwenye ukurasa wa kwanza, juu ya yote mengine.