Hale, Kituo cha Umeme

Hale ni kituo cha kuzalisha umeme kwa nguvu ya maji kilichopo kwenye Mto Pangani, wilayani Korogwe, mkoa wa Tanga, Tanzania. Ni mali ya TANESCO, shirika la umeme la taifa, kilianza kazi mwaka 1964, na uwezo wake ni megawati 21 kutokana na mashine mbili zinazolingana.

Mto

Mto Kikuletwa, unaokusanya maji ya milima ya Meru na Kilimanjaro, na Mto Ruvu, unaotoka upande wa Ziwa Jipe, hukutana kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu na kuwa Pangani, ambao hupokea Mkomazi na Luengera kabla ya kufika Hale.

Uendeshaji

Hale ni kituo cha mtiririko, yaani hakina bwawa kubwa la akiba, bali hutumia maji kadiri mto unavyoyaleta. Banio, ambalo ni ukuta mfupi uliokinga mto, huyaelekeza maji kwenye njia ya kushukia, nayo huanguka takribani meta 70 hadi kwenye mitambo iliyojengwa chini ya ardhi, yakazungusha tabaini, yaani gurudumu la mapanga linaloendesha jenereta, kisha yakarudi mtoni. Kwa kimo hicho, kila meta moja ya ujazo inayopita kwa sekunde huzaa takribani kilowati 600. Hivyo maji yanayofika mitamboni yakipungua nusu, umeme nao hupungua karibu nusu, hata mashine ziwe nzima.

Historia

Hale kilitanguliwa na kituo cha Maporomoko ya Pangani cha mwaka 1936, kilichopo chini yake, wakati mkonge ulipokuwa uti wa mgongo wa uchumi wa Tanga. Bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa katika miaka ya 1960, lilikipa Hale kile ambacho hakikuwa nacho, yaani akiba ya maji ya kiangazi. Mwaka 1995 kituo kipya cha Maporomoko ya Pangani, chenye megawati 68, kilichukua nafasi ya kile cha kale kwa msaada wa Norwei, Uswidi na Finlandi. Maji yaleyale huzalisha umeme mara tatu: Nyumba ya Mungu, Hale na Maporomoko ya Pangani.

Ushindani wa maji

Mifereji ya jadi ya Wachagga wa Kilimanjaro, iliyotangulia mitambo kwa vizazi, pamoja na mashamba makubwa ya miwa na mpunga, huchota maji juu ya Hale. Kugawa maji hayo ni jukumu la Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, yenye makao yake Moshi.

Nafasi katika gridi

Kikilinganishwa na kituo cha Kidatu, chenye megawati 204, Hale ni kidogo.