Kipande Kilivuliwa Shingoni, Daftari Likabaki

Msikilizaji, na wewe msomaji uliyelinunua gazeti hili leo, juma hili nataka tuzungumze juu ya neno moja dogo la Kiswahili lenye historia kubwa. Neno lenyewe ni kipande. Kwa kawaida kipande ni sehemu iliyokatwa kutoka kwa kitu kizima: kipande cha mkate, kipande cha kitambaa. Lakini katika Kenya ya mkoloni neno hili lilipata maana nyingine, maana iliyoning'inia shingoni mwa watu. Hata leo wapo Wakenya wanaosema wamesahau kipande nyumbani, wakiwa na maana ya kitambulisho.

Nalileta neno hili kwa sababu swali lililozaliwa pamoja nalo bado halijafa. Swali ni hili: serikali ina haki ya kujua mambo mangapi juu ya mtu, na ikishayajua, ni nani wa kuizuia isiyatumie vibaya?

Sheria ya kuwaandikisha wenyeji ilipitishwa mwaka 1915. Wakati huo Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa inapamba moto na vijana wetu walikuwa wakichukuliwa kubeba mizigo ya jeshi, kwa hiyo sheria ikasubiri. Vita vilipokwisha, walowezi waliongezeka, miongoni mwao askari wa Kiingereza waliopewa mashamba kama zawadi ya vita. Mashamba yalihitaji mikono. Basi kuanzia mwishoni mwa 1919 na kuingia 1920 sheria ile ikafufuliwa. Kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza umri wa miaka 16 alitakiwa kujiandikisha, kutoa alama za vidole, na kutembea na kipande chake kila aendako. Mzungu hakutakiwa. Mhindi hakutakiwa.

Karatasi yenyewe ilitiwa ndani ya kijaluba cha chuma, kikafungwa kamba na kuvaliwa shingoni. Wakikuyu walikiita mbugi, yaani kengele ile anayofungwa mbuzi ili mchungaji ajue alipo. Sidhani kama kuna mwanasheria aliyewahi kukieleza kipande vizuri kuliko wale wakulima waliokipa jina hilo.

Tutazame sasa kilivyofanya kazi, maana hapa ndipo penye somo. Kipande kilikuwa na jina la mtu, kabila lake na mahali alipotoka. Kilikuwa na nafasi za mwajiri kuandika tarehe ya kuanza kazi, mshahara, na tarehe ya kuacha kazi. Mfanyakazi alipotaka kuondoka, ilibidi mwajiri atie saini kwamba amemwachilia. Bila saini ile, hakuna mwingine aliyeruhusiwa kumwandika. Akitoroka kwa sababu ya kupigwa au kunyimwa posho, mwajiri alipeleka habari serikalini, kumbukumbu zikatazamwa katika ofisi ya msajili mkuu huko Nairobi, naye akasakwa popote alipo. Kutoroka kazini kulikuwa kosa la jinai. Kupatikana bila kipande pia kulikuwa kosa, lenye faini au jela.

Na mshahara je? Mwajiri mpya alipofungua karatasi aliona mwenzake alikuwa akilipa kiasi gani. Kwa nini basi alipe zaidi? Mfanyakazi hakuwa na siri yoyote ya kumsaidia katika kupatana bei ya jasho lake. Kabla hajafungua kinywa, shingo yake ilikuwa imekwisha kumsemea. Watu wengi hufikiri kwamba faragha ni anasa ya watu wenye mambo ya kuficha. Mtu yule hakuwa na jambo la aibu la kuficha. Alichonyang'anywa ni uwezo wa kukaa mezani na mwenziwe kama mtu na mtu.

Mwaka 1921 kijana mmoja wa Kikuyu aliyekuwa akifanya kazi ya simu katika Hazina ya serikali, jijini Nairobi, aliona haya hayavumiliki. Huyo alikuwa Harry Thuku. Alianzisha chama cha vijana wa Kikuyu, kisha mwaka huo huo akakifanya kuwa East African Association, chama kilichokaribisha watu wa makabila yote. Walilalamikia kodi, kupunguzwa kwa mishahara, kulazimishwa kwa wanawake na wasichana kufanya kazi, na kipande. Thuku alifukuzwa kazi lakini hakunyamaza. Tarehe 14 Machi 1922 akakamatwa.

Siku mbili baadaye maelfu ya watu walikusanyika nje ya kituo cha polisi cha Nairobi wakidai aachiliwe. Wanaume walipoanza kulegea, mwanamke mmoja, Mary Muthoni Nyanjiru, aliwakaripia mbele ya umati, na umati ukasonga mbele. Polisi wakafyatua risasi. Nyanjiru alikuwa miongoni mwa waliouawa. Serikali ilikiri vifo 21. Wengine walisema waliokufa walikuwa wengi zaidi. Thuku alipelekwa kifungoni Kismayu bila kufikishwa mbele ya mahakama, akakaa uhamishoni hadi mwishoni mwa 1930. Kipande hakikuguswa. Kufikia mwaka 1931 vipande vilivyotolewa vilikuwa vimezidi milioni moja.

Jambo la kuchekesha, kama yapo ya kuchekesha katika habari hii, lilitokea mwaka 1947. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Waafrika waliotoka kupigana Burma na Abyssinia hawakuwa tayari kuvaa mbugi tena. Serikali ikatafuta njia ya kati. Ikatunga sheria mpya ya kuandikisha watu wote, Mwafrika, Mhindi na Mzungu, na wote watoe alama za vidole. Je, walowezi walisemaje? Walikuja juu. Walisema kuchukuliwa alama za vidole ni fedheha, ni jambo la wahalifu, ni kuuvunjia heshima uhuru wa raia. Mikutano ikafanywa, barua zikaandikwa magazetini, hadi serikali ikaunda uchunguzi. Mwishowe ikafunguliwa njia ya pembeni: mtu anayejua kusoma na kuandika Kiingereza angeweza kutoa picha na saini badala ya vidole.

Msikilizaji, tusiwacheke walowezi wale haraka. Walichokisema kilikuwa kweli. Ni fedheha kwa mtu asiye na kosa kuandikishwa kama mhalifu. Kosa lao ni kwamba ukweli huo waliugundua siku vidole vilipokuwa vyao. Kwa zaidi ya miaka 25 walikuwa wakiona vidole vya wapishi wao, watunza bustani wao na wachungaji wao vikitiwa wino, na hawakuona uhuru wa mtu yeyote ukivunjwa. Wahenga walisema, ukiona mwenzako ananyolewa, wewe tia maji. Wao hawakutia maji kwa sababu hawakuamini kwamba wembe huo unaweza kufika kichwani kwao.

Miaka michache baadaye tukaona jambo jingine. Tarehe 20 Oktoba 1952 Gavana Evelyn Baring alitangaza Hali ya Hatari kwa sababu ya Mau Mau. Tarehe 24 Aprili 1954 jeshi na polisi walilizingira jiji la Nairobi katika operesheni iliyoitwa Anvil. Mitaa ya Waafrika ilifungwa, watu wakatolewa nyumbani na vibandani, wakapangwa mistari, karatasi zao zikakaguliwa. Mbele yao walipitishwa watoa habari waliofunikwa magunia, macho tu yakionekana. Kutikisa kichwa kulitosha. Maelfu kwa maelfu wakapelekwa kizuizini. Wakikuyu, Waembu na Wameru wakatakiwa wawe na vitabu maalum vya pasi ili waruhusiwe kufanya kazi na kuishi mahali fulani. Utaratibu uliozaliwa ili kumtafutia mlowezi vibarua ulikuwa sasa umegeuzwa kuwa chombo cha kuamua nani alale nyumbani na nani alale nyuma ya seng'enge. Daftari halibaki na kazi ile tu liliyoandikiwa. Likiwa tayari lipo, anayekuja baadaye atalipatia kazi yake.

Jirani zetu wa Rwanda walilijua hilo kwa njia ya kutisha kuliko sisi. Katika miaka ya 1930 watawala wa Kibelgiji waliandika katika vitambulisho kwamba huyu ni Mhutu, huyu Mtutsi, huyu Mtwa. Ilionekana kuwa kazi ya makarani tu. Uhuru ulipopatikana, mstari ule haukufutwa. Mwaka 1994, kwenye vizuizi vya barabarani, mstari ule mmoja ulitosha kumfanya mtu auawe papo hapo. Karani aliyeuandika miaka 60 kabla hakuwa na habari.

Basi sisi, baada ya bendera kubadilishwa mwaka 1963, tulijifunza? Si sana. Vijaluba havikuwapo tena, lakini daftari lilibaki, na mazoea yalibaki. Mwaka 1989 serikali yetu wenyewe iliamuru Wakenya wa asili ya Kisomali wahakikiwe upya, wathibitishe uraia wao, na waliokubaliwa wakapewa kadi za rangi ya waridi za kuonyesha pamoja na kitambulisho chao cha kawaida. Mwananchi akahitaji karatasi ya pili ili ile ya kwanza iaminiwe, kwa sababu ya kabila lake tu. Na sisi wengine? Wengi wetu tulinyamaza, kama walowezi walivyonyamaza kabla ya 1947.

Katiba tuliyoitangaza tarehe 27 Agosti 2010 ilijaribu kuuziba ufa huo. Kifungu cha 31 kinampa kila mtu haki ya faragha: asipekuliwe yeye, nyumba yake wala mali yake, mali yake isitwaliwe, habari za familia yake au mambo yake binafsi zisidaiwe wala kufichuliwa pasipo sababu, na mawasiliano yake yasiingiliwe. Maneno hayo si mapambo. Ukiyasoma ukiwa na kipande akilini, utaona kila sehemu ina mtu wake aliyeteswa.

Maneno hayo yalipata mtihani mkubwa mwaka 2019. Mabadiliko ya sheria ya mwaka uliotangulia yalikuwa yameanzisha daftari jipya la taifa, lile tulilolijua kwa jina la Huduma Namba. Sheria iliruhusu kukusanywa hata kwa DNA, yaani chembechembe za urithi za mwili, na vipimo vya setilaiti vya kuonyesha mtu anaishi wapi. Shirika la Nubian Rights Forum, la Wanubi ambao wazee wao waliletwa kutoka Sudan kama askari wa Mwingereza na kupewa makazi Kibera, lilikwenda mahakamani pamoja na watetezi wengine. Walijua uchungu wa kuhangaikia kitambulisho, na walihofia kwamba asiyekuwa na karatasi za zamani atafungiwa nje ya daftari jipya. Tarehe 30 Januari 2020 majaji watatu wa Mahakama Kuu waliamua kwamba kudai DNA na vipimo vile vya makazi ni kinyume cha Katiba, na kwamba mpango wenyewe usiendelee bila sheria kamili za kuulinda. Oktoba 2021 mahakama ikaona tena kwamba kadi zilianza kutolewa kabla ya kupimwa madhara yake kwa faragha ya watu, kama Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inavyotaka. Baadaye ikaja Maisha Namba mwaka 2023, na kesi zikafuata.

Najua wapo watakaoniuliza: na usalama je? Swali hilo ni la haki. Tulizika watu wetu Agosti 1998 baada ya bomu la Nairobi. Tulizika wengine baada ya Westgate mwaka 2013, na wanafunzi wa Garissa mwaka 2015. Hakuna mtu mwenye akili timamu anayeitaka serikali iwe kipofu. Na kitambulisho kina faida: ndicho unachopigia kura, ndicho unachofungulia akaunti, ndicho kinachomtambulisha mgonjwa aliyeokotwa barabarani. Lakini kupeleleza mtu anayeshukiwa, kwa amri ya mahakama, ni jambo moja. Kuwaandika watu wote kana kwamba wanashukiwa, kisha kulifungia daftari kabatini mwa mtu asiyeulizwa, ni jambo jingine kabisa. Mkoloni naye alisema ni kwa ajili ya utulivu na kazi.

Kwa hiyo daftari lolote linapoletwa, liwe la karatasi au la kompyuta, tuliulize maswali matatu. Kwanza, limeandikiwa kazi gani, na ni nani atakayelizuia lisipewe kazi nyingine? Pili, anayelifungua anahitaji idhini ya nani nje ya ofisi yake mwenyewe? Tatu, mimi niliyeandikwa humo naweza kulisoma na kulisahihisha? Kipande kilifeli yote matatu. Mvaaji wake mara nyingi hakujua hata kusoma kilichoandikwa juu yake.

Wewe leo unajua kusoma. Sheria ya mwaka 2019 inakupa haki ya kuuliza habari zako zinatumiwaje, kudai zisahihishwe, na kupeleka malalamiko kwa Kamishna wa Data. Unapoingia jengo mjini na bawabu akakuandika jina, namba ya kitambulisho na namba ya simu katika kitabu kilichoachwa wazi mezani, una haki ya kuuliza kitabu hicho kinakwenda wapi kikijaa. Uliza kwa adabu, lakini uliza. Bandu bandu huisha gogo, na gogo hili Nyanjiru alilifia.

Hadi juma lijalo, msikilizaji, kwaheri.